Maabara ya dukani: kemia kwa asidi ya betri, beking soda na mrututu

Chumvi ya jikoni ni sodiamu kloraidi, na asidi inayomiminwa kwenye betri ya lori ni salfyuriki, ile ile inayouzwa na wauza kemikali kwa bei kubwa zaidi. Shule inayosema haina maabara mara nyingi imekosa chumba, meza za vigae na kabati la vioo. Kemikali zenyewe zipo mtaani: kwa muuza vipuri vya magari, duka la pembejeo, duka la dawa, na kwa watu wanaochemsha sabuni ya mche. Kitu kimoja tu hukipati unaponunua huko, nacho ni uhakika wa usafi na ukolezi wake. Chupa ya maabara huja na lebo inayokwambia asilimia ngapi ni kemikali yenyewe. Kostiki soda (sodiamu haidroksaidi) ya kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni haikwambii kitu, na kazi ya kujua inabaki kwako na wanafunzi wako. Kwa maoni yetu hiyo si hasara. Sehemu kubwa ya kemia ya kidato cha tatu na cha nne ni kazi hiyo hiyo.

Ndiyo maana inafaa kuanza na titresheni, yaani kupima ukolezi wa kimiminika kimoja kwa kukidondoshea kingine ambacho ukolezi wake unajulikana. Ni jaribio linaloogopwa kuliko yote na lisilokosekana kwenye mtihani wa vitendo wa NECTA (Tanzania) wala karatasi ya tatu ya KCSE (Kenya).

Asidi ya betri mpya, isiyowahi kuingia kwenye betri, huwa na densiti ya kati ya 1.25 na 1.28, yaani ukolezi wa karibu moli 4.5 kwa lita, au kwa kifupi mola 4.5. Tahadhari ya kwanza ni ya dukani: maji safi ya kuongezea betri na asidi yake huuzwa katika chupa zinazofanana, na wauzaji wengi huviita vyote maji ya betri. Soma lebo, kisha hakikisha kwa kudondosha tone moja juu ya beking soda. Asidi itafoka, maji hayatafoka. Asidi iliyomwagwa kutoka betri chakavu usiitumie kabisa, kwa sababu ina risasi ndani yake.

Ili kupata asidi ya kufanyia titresheni, pima ml 24 za asidi ya betri, zimimine taratibu kwenye ml 800 hivi za maji huku ukikoroga, kisha jaza maji hadi lita moja. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukigeuza, maji machache yanayokutana na asidi nyingi huchemka ghafla na kuruka usoni. Kwa asidi ya betri, ambayo tayari ina maji mengi, mruko huo ni mdogo, lakini mwanafunzi aliyezoea vibaya hapa ataumia siku atakayokutana na asidi kali ya asilimia 98. Hesabu inakupa karibu mola 0.108. Kwa nini ml 24 na si 22, ambazo zingekaribia mola 0.1 kamili? Kwa sababu ya bomba la sindano, kama itakavyoonekana mbele.

Sasa unahitaji kitu cha kuipimia asidi hiyo, kitu ambacho ukolezi wake unaujua kwa hakika. Hapo beking soda ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Ni sodiamu haidrojeni kaboneti, na ikipashwa moto hutoa maji na kaboni dayoksaidi, ikabaki sodiamu kaboneti kavu: 2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂. Gramu 168 zinageuka 106. Weka gramu 50 kwenye kikaango cha stili au sahani ya bati lililopakwa enameli juu ya jiko la mkaa, moto wa wastani, ukikoroga kwa kijiko cha stili. Baada ya dakika chache unga utaanza kutokota kama uji mzito ingawa ni mkavu, kwa sababu gesi inatoka chini na kuuinua. Ukitulia, endelea dakika 15 nyingine, pima, rudisha motoni dakika 10, pima tena. Uzito usipopungua zaidi, umemaliza, na unapaswa kuwa na gramu 31.5 hivi. Ukiwa na gramu 35, bado. Funga vizuri kwenye chupa kavu, kwani unga huu hunyonya unyevu wa hewani, hasa Pwani wakati wa masika.

Makosa mawili huharibu hatua hii. La kwanza ni kununua beking pauda badala ya beking soda. Beking pauda ina asidi kavu na wanga ndani yake; ukiipasha moto wanga unaungua na kubaki kahawia, na hesabu zote zinapotea. La pili ni sufuria. Sufuria nyingi za jikoni kwetu ni za alumini, na alumini huliwa na alkali. Yeyote aliyepikia maharage kwa magadi ameona jinsi sufuria inavyobadilika rangi. Kwa kaboneti uharibifu ni wa polepole, lakini kwa kostiki soda sufuria hutoboka huku ikitoa hidrojeni, na mchanganyiko huchemka wenyewe. Kostiki na alumini visikutane kamwe, labda kwa jaribio ulilolipanga, kipande kidogo cha alumini ndani ya glasi.

Upashaji huo wa moto wenyewe ni somo zima. Kipe kila kikundi gramu 8.4 za beking soda, waulize kabla ya kuwasha moto watabaki na gramu ngapi, na waandike utabiri wao. Hesabu ni 5.3. Atakayepata 5.6 ameondoa moto mapema, na atakayepata 4.9 amemwaga wakati wa kukoroga. Uwiano wa moli, ambao ubaoni huchukua vipindi kadhaa, hapa unaonekana kwenye mizani.

Mizani ndiyo inayokwamisha wengi. Mizani ya jikoni ya dijitali husoma hadi gramu moja. Ukipima gramu 4 za kostiki soda kwa mizani hiyo, umepima kitu chochote kati ya 3.5 na 4.5, kosa la zaidi ya asilimia 12. Dawa yake ni kupima nyingi kisha kuzimua: gramu 40 katika lita moja, ambapo kosa la nusu gramu linashuka hadi asilimia 1.25, halafu chukua ml 100 za myeyuko huo na uzifanye lita moja. Ukipata mizani ndogo ya sonara inayosoma 0.01 huhitaji mzunguko huo, ila mingi haibebi zaidi ya gramu mia chache, kwa hiyo usiweke chombo kizito juu yake. Gramu 40 za kostiki kwenye lita moja hupasha maji joto kali. Yeyusha kidogo kidogo kwenye ndoo nene ya plastiki, na usitumie chupa nyembamba ya maji ya kunywa, maana itajikunja. Hifadhi kwenye dumu, si kwenye kioo chenye kizibo cha kioo, kwa kuwa kizibo hicho huganda kisifunguke.

Kuhusu lita yenyewe: chupa iliyoandikwa lita 1 ikijazwa hadi mdomoni ina zaidi ya lita 1. Iweke tupu kwenye mizani, rudisha sifuri, mimina maji hadi gramu 997, kisha piga mstari kwa kalamu isiyofutika. Kwenye nyuzijoto 25 hizo ni ml 1000. Chupa hiyo sasa ni chombo cha kupimia, na imekugharimu bei ya kalamu.

Kwa myeyuko wa kupimia, yeyusha gramu 10.6 za kaboneti uliyotengeneza uwe na lita moja. Huo ni mola 0.1, na huo ndio msingi wa vipimo vingine vyote.

Bomba la sindano la ml 10, jipya na bila sindano, linafanya kazi ya bureti na pipeti (mirija ya maabara ya kupimia vimiminika) kwa pamoja likitumiwa sawasawa. Wanafunzi wengi husoma ukingo wa mpira mweusi, na kila mmoja husoma ukingo wake, maana mpira una mbonyeo na pete mbili. Vuta kwanza hewa kama ml 1, kisha vuta kimiminika kupita alama unayoitaka. Shikilia bomba wima, ncha chini, gonga kwa kidole ili viputo vipande juu, kisha sukuma taratibu mpaka uso wa kimiminika ufike alama ya 10. Kati ya mpira na kimiminika kuna hewa, kwa hiyo unasoma uso wa kimiminika chenyewe na mpira hauhusiki tena. Ukipima kwa kumwaga, anzia 10 na uishie 0, ncha ibaki imejaa. Ukisukuma hewa itoke nayo, utakuwa umetoa matone mawili ya ziada ambayo mistari ya bomba haiyahesabu. Mistari ya mabomba mengi ya ml 10 iko kila ml 0.2, hivyo unaweza kukadiria hadi 0.1, karibu sawa na bureti ya shule. Darasa zima litumie mabomba ya aina moja.

Ujazo mmoja wa bomba la ml 10 hautoi zaidi ya ml 10, na ndiyo sababu ya ml 24. Ukichukua ml 10 za kaboneti, asidi yenye ukolezi uliozidi kidogo mola 0.1 itamaliza kazi kwenye ml 9 na kitu, ndani ya ujazo mmoja. Asidi yenye ukolezi chini ya mola 0.1 ingehitaji kujaza mara ya pili, na kila kujaza kunaongeza kosa.

Tuseme wastani wa vikundi ni ml 9.0. Basi asidi ni 10 × 0.1 ÷ 9.0, yaani mola 0.111, na asidi ya betri uliyonunua ilikuwa 0.111 ÷ 0.024, yaani mola 4.6. Mwanafunzi amepima kitu cha dukani ambacho hata mwalimu hakujua thamani yake. Hilo lina faida isiyosemwa sana. Wanafunzi wakijua jibu ni 20.0, watapata 20.0. Tumeona madaftari yenye usomaji wa 20.0, 20.1 na 20.0 kutoka kwenye bureti iliyokuwa inavuja. Asidi ya betri isiyojulikana, ikizimuliwa tofauti kidogo kwa kila kikundi, haina jibu la kunakili kutoka meza ya jirani.

Ukitaka asidi ya mola 0.1 kamili, ongeza ml 111 za maji kwenye kila lita iliyobaki. Kisha ipimie kostiki soda: gramu 4.0 kwa lita, chukua ml 20. Ingekuwa safi, ingehitaji ml 10.0 za asidi. Ikihitaji ml 9.0, myeyuko ni mola 0.09, na kostiki yako ni asilimia 90. Upungufu huo kwa kawaida ni maji iliyoyanyonya hewani. Sehemu nyingine imegeuka kaboneti kwa kushika kaboni dayoksaidi, lakini methili ya chungwa, kiashirio kinachobadili rangi titresheni inapofika mwisho, huihesabu kaboneti hiyo pamoja na alkali, kwa hiyo sehemu kubwa yake haionekani kama upungufu. Mwanafunzi akiliuliza hilo mwenyewe, mpe alama.

Hapa kuna jambo ambalo tunatofautiana na wale wanaosema kila kitu kinaweza kutoka bustanini. Kiashirio cha methili ya chungwa kinunue. Kwa titresheni ya kaboneti, badiliko la mwisho liko karibu na pH 4, na maua hayakupi ukingo mkali hapo. Gramu 1 katika lita moja ya maji, matone matatu kwa kila jaribio: lita hiyo inatosha titresheni zaidi ya 6,000.

Maua yana kazi nyingine, nayo ni nzuri. Choya, ile rozela nyekundu ya kutengenezea juisi, ni kiashirio cha ajabu kwa kutenganisha asidi na alkali. Gramu 10 za choya kavu katika ml 200 za maji moto, dakika 10, chuja. Kwenye siki na ndimu inabaki nyekundu, kwenye maji ya majivu au magadi inakuwa kijani, na kwenye kostiki inasogea hadi njano. Inafaa hata kwa titresheni ya kostiki na asidi ya betri, mradi ujue mtego wake: juisi ya choya yenyewe ni asidi. Mwanafunzi anayemimina kijiko kizima ili rangi ionekane vizuri ameongeza asidi yake mwenyewe, na usomaji unashuka. Matone matano hadi kumi yanatosha, na vikundi vyote vitumie idadi ile ile. Juisi huota ukungu baada ya siku chache. Chovya karatasi nyeupe isiyo na mistari, kausha kivulini, kata vipande, na utakuwa na karatasi za kupimia zinazodumu. Manjano ya jikoni iliyoloweshwa kwenye spiriti hubaki njano kwenye asidi na kugeuka nyekundu ya kahawia kwenye alkali. Nayo ni nzuri, ila inatia doa kila inapogusa.

Maji nayo yana lake. Maji ya kisima maeneo ya mawe ya chokaa, na Pwani yako mengi, yana haidrojeni kaboneti inayokula asidi. Chukua ml 20 za maji hayo, tia methili ya chungwa, uone yanahitaji asidi kiasi gani kugeuka. Yakihitaji hata nusu ml, usiyatumie kutengenezea myeyuko. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza ni safi kuliko mengi ya bombani.

Sasa hesabu ya darasa. Wanafunzi 60, vikundi 12 vya watu watano. Kila kikundi kinatumia ml 30 za kaboneti kwa kurudia mara tatu, pamoja na za kusuuzia, jumla ml 80 hivi. Lita moja ya kila myeyuko inatosha darasa zima, na lita hiyo ya asidi imetokana na ml 24 za asidi ya betri. Watu watano kwa bomba moja ni wengi, lakini kazi zinagawanyika: mmoja anapima, mmoja anatikisa glasi juu ya karatasi nyeupe, mmoja anasoma, mmoja anaandika, mmoja anasoma upya bila kuambiwa wa kwanza amesoma nini. Zungusha kila raundi. Wanaposimulia walichokiona, waachie Kiswahili kwanza, Kiingereza cha mtihani kije baada ya kukubaliana walichoona.

Gesi ni rahisi zaidi, na ndiyo maana ajali zake ni nyingi. Oksijeni hutoka kwa haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Ile ya asilimia 6 huitwa pia ya ujazo 20, maana ml 1 hutoa karibu ml 20 za oksijeni, hivyo ml 20 zinakupa ml 400, chupa ndogo nzima ya maji. Kichocheo ni unga mweusi wa betri ya tochi, wenye manganizi dayoksaidi. Chagua betri za kawaida za zinki na kaboni. Zilizoandikwa alkaline zina ganda la chuma na uji wa potasiamu haidroksaidi unaounguza, na za lithiamu zisifunguliwe na mtu yeyote. Unga huo una chumvi za amonia na zinki, kwa hiyo uoshe kwa maji mara mbili tatu kwenye kitambaa, ukauke, kisha ncha ya kijiko inatosha. Peroksaidi ikitoa viputo vichache tu, imekaa sana dukani au imepigwa na jua. Viputo vya mwanzo ni hewa ya kwenye mpira wa kupitishia gesi, usivikusanye.

Ganda la betri hiyo hiyo ni zinki, na kijiti cha katikati ni kaboni, elektrodi ya bure. Sugua zinki kwa msasa, kata vipande, tia kwenye asidi ya betri iliyozimuliwa sehemu moja kwa maji sehemu nne. Hidrojeni hutoka taratibu. Chembe chache za mrututu (kopa salfeti) huiharakisha, kwa sababu shaba hujipaka juu ya zinki na viputo hutokea hapo. Kusanya kwenye kichupa kidogo, kipeleke mbali na chombo kinachotoa gesi, ndipo usogeze njiti ya kiberiti isikike paa. Usiwashe kamwe mdomo wa mpira uliounganishwa na chupa yenye gesi. Ndani yake kuna hewa iliyochanganyika na hidrojeni, na chupa itapasuka mikononi. Klorini kutoka dawa ya kung'arisha nguo na asidi tumeiacha kabisa. Darasa la watu 60 halina hewa ya kutosha kwa jaribio hilo, na kuwaeleza kwa nini vitu hivyo viwili havichanganywi hata wakati wa kuosha choo ni somo tosha.

Maji ya chokaa ya kupimia kaboni dayoksaidi: vijiko vitatu vya chokaa ya kupaka ukuta katika lita moja, tikisa, acha usiku kucha, chukua maji yaliyotulia juu bila kutibua. Ni gramu chini ya 2 tu zinazoyeyuka, kwa hiyo kuongeza chokaa hakuongezi nguvu. Yasipobadilika rangi unapopuliza kwa mrija, chokaa ni ya zamani, imeshageuka kaboneti dukani. Yakigeuka meupe kisha yakawa safi tena, umepuliza sana, na kaboneti imeyeyuka ikawa haidrojeni kaboneti. Wengi hudhani jaribio limeharibika, kumbe wameona mmenyuko wa pili. Na chaki ya ubaoni isikudanganye. Nyingi siku hizi ni jasi, kalsiamu salfeti, nayo haifoki kwenye asidi. Ganda la yai, kombe la baharini au kipande cha jiwe la matumbawe havikuangushi ukitumia siki.

Mrututu ni kopa salfeti, rafiki wa wakulima wa kahawa na nyanya. Hakikisha ni fuwele za buluu nzito. Unga wa kijani hafifu unaouzwa pia kama dawa ya ukungu mara nyingi ni kopa oksikloraidi, nao hauyeyuki. Gramu 5 zikipashwa moto taratibu kwenye kipande cha chungu hugeuka nyeupe na kubaki gramu 3.2, maana maji ni asilimia 36 ya uzito wake. Moto ukizidi zinakuwa nyeusi, na hapo umeshavunja salfeti yenyewe. Hazirudi buluu ukidondosha maji. Msumari ukitumbukizwa kwenye myeyuko wake hupakwa shaba kwa dakika chache, ila usugue kwanza kwa msasa, na usichukue msumari wa bati, kwa sababu utaonyesha zinki badala ya chuma. Kwa elektrolisisi, yaani kupitisha umeme kwenye myeyuko, tumia waya wa shaba wa umeme wa nyumba kwa pande zote mbili. Waya wa mota una vanishi, usugue hadi ung'ae. Mkondo wa ampia 0.5 kwa dakika 30 unahamisha gramu 0.3 za shaba, kwa hiyo mizani ya jikoni haitaona kitu. Ukiongeza mkondo ili uone haraka, shaba inakaa kama unga unaodondoka kabla ya kupimwa.

Kwa uchambuzi wa chumvi zisizojulikana, duka la pembejeo lina karibu kila unachohitaji. Mbolea ya SA (amonia salfeti) hutoa amonia ukiipasha moto na kostiki, na karatasi ya choya iliyoloweshwa huwa kijani juu ya mdomo wa neli. Urea haifanyi hivyo kwa upesi, kwani si chumvi ya amonia, na walimu wengi wamelaumu kostiki bure. Mbolea ya CAN (kalsiamu amonia naitreti) hufoka kwenye asidi kwa sababu ya chokaa iliyochanganywa humo. Vidonge vya kuongeza damu, vikioshwa ganda la rangi, kusagwa, kuyeyushwa kwenye asidi hafifu, kisha kutiwa kostiki, vinakupa mashapo ya chuma ya kijani kichafu yanayogeuka kahawia juu yakikutana na hewa. Chumvi ya haluli ni magneziamu salfeti. Bariamu kloraidi na naitreti ya fedha hazina mbadala mtaani. Nunua chache, tengeneza ml 100 tu, tumia kwa matone, na ya fedha iwe kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Rangi za moto zionyeshe kwa kibatari cha spiriti. Mwali wa mafuta ya taa ni wa njano tayari na utaficha zambarau ya potasiamu. Njiti za kiberiti zilizolowekwa usiku kucha, kila moja kwenye myeyuko wa chumvi yake, zinafaa kuliko waya mmoja unaotumiwa na wote, kwani waya huo ukigusa chumvi ya jikoni mara moja kila kitu kitaonekana sodiamu.

Macho ndiyo ya kwanza kulindwa, na kostiki ni mbaya kuliko asidi kwa sababu hula bila kuchoma sana mwanzoni. Miwani angavu ya bei nafuu ya mafundi wa kukata mbao, ile inayofunika macho na pembeni, inafaa. Ndoo ya maji safi na kikombe viwe mezani kabla ya chupa yoyote kufunguliwa. Kemikali ikiingia jichoni, mwagilia maji dakika 20 bila kusimama, kisha hospitali. Usitie alkali kwenye jicho lenye asidi, wala asidi kwenye jicho lenye alkali. Hakuna kemikali inayokaa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa bila kubandikwa jina kubwa, na hakuna inayokaa jikoni kwa mwalimu.

Mabaki ya titresheni yakusanye kwenye ndoo moja, asidi na alkali zitaumana zenyewe. Pima kwa karatasi ya choya, ongeza beking soda mpaka isifoke, kisha mwaga kwenye shimo la taka. Mabaki ya mrututu ndoo yake ni ya peke yake, kwani huua samaki na hudhuru udongo. Tia humo misumari ya zamani isiyo ya bati na uache siku mbili tatu. Buluu itafifia hadi kijani hafifu cha chuma, na chini utapata unga mwekundu wa shaba. Chuja, kausha, hifadhi kwa darasa la mwaka kesho.